Kwa Nini Kaleghwa Huwataja Wafu wa Mrindi

Mwenye masikio na asikie, na mwenye usingizi akalale sasa hivi, maana habari hii haipendi kukatwa katikati.

Kulikuwa na wakati ambapo kila mlima uliwalilia wafu wake peke yake. Mlima wa Kaleghwa ulikuwa upande wa machweo na mlima wa Mrindi upande wa macheo, ikitazamana kama wake wenza waliokataa kusalimiana. Kati yao palikuwa na bonde jembamba lenye mfereji mmoja wa maji. Mababu wa pande zote mbili waliuchimba mfereji ule kwa pamoja, wakagawana zamu za kumwagilia, siku nne huku na siku nne kule. Kisha ikaja miaka mitatu ya kiangazi. Maji yakapungua hata yakawa hayafuniki kisigino, na zamu ikawa si zamu tena. Alfajiri moja mtu wa Mrindi alikutwa ameuziba mfereji siku isiyo yake, akapigwa jembe la kichwa. Vita vikaanza hapo.

Havikuisha kwa mapatano. Vilimalizwa na mvua. Iliponyesha, kila mtu alirudi shambani kwake, kwa kuwa mtama haumngoji mtu aliyekwenda vitani. Ndipo watu wakatazamana na kuona ni nani hayupo. Kaleghwa walikosekana arobaini na mmoja. Wengi wao walikuwa wameangukia upande wa pili wa bonde na maiti zao hazikurudi. Watu wakasema, asiye na kaburi apewe jiwe. Wakapanga mawe begani mwa mlima, jiwe moja kwa kila mtu, wakakubaliana kukutana pale kila mwaka baada ya mavuno. Mrindi nao walifanya vivyo hivyo upande wao, mwezi mmoja baadaye. Siku hiyo iliitwa Siku ya Mawe.

Kaleghwa walihitaji mtu wa kuyataja majina. Wakamchagua mwanamke aliyeitwa Mkanyika, mjane wa Mwakio, mama wa mtoto mmoja tu, Maghanga, ambaye wakati wa vita alikuwa bado wa kubebwa mgongoni. Mkanyika alikuwa na kichwa kisichovuja. Alichokisikia mara moja hakikumtoka, na sauti yake ilifika mbali bila kupiga kelele.

Mwaka wa kwanza alisimama akayataja majina arobaini na moja, fulani mwana wa fulani, basi. Watu wakaenda kula. Jioni wazee wakamwambia, "Mama Maghanga, umewataja kama mbuzi wanaoingia zizini." Mwaka wa pili akaongeza maneno. Hakujua wale watu walikufa vipi, kwa kuwa aliyeangukia Mrindi alionwa na watu wa Mrindi peke yao. Lakini alijua kusema. Huyu, alisema, alifungwa mikono kabla ya kuchomwa. Yule, alisema, aliomba maji akapewa mchanga. Kuhusu mumewe mwenyewe, Mwakio, alisema aliinama kunywa kwenye mfereji akachomwa mkuki mgongoni. Kabla ya kumtaja muuaji alikuwa akinyamaza kidogo, na katika ukimya ule ungesikia watu wakivuta pumzi.

Watu walilia, wakampenda kwa hilo. Na kila mwaka, baada ya kilio, vijana wachache walichukua mikuki wakashuka bondeni. Wengine walirudi na wengine hawakurudi. Kwa kila asiyerudi liliwekwa jiwe, na Mkanyika akapata jina jipya la kutaja.

Hivyo ndivyo ilivyokwenda kwa miaka ishirini.

Maghanga alikua akawa kijana mrefu, mpole, mfugaji wa nyuki. Mizinga yake ilitundikwa kwenye migunga miwili, mmoja juu karibu na msitu na mwingine chini karibu na njia. Hakuwa mtu wa ugomvi. Hata alipokuwa mkubwa vya kutosha kushuka bondeni, mwaka wa kwanza hakushuka, wala wa pili. Mwaka wa tatu, watu walipokuwa wakitawanyika kutoka kwenye mawe, alimjia mama yake.

"Mama," alimwambia, "leo umemtaja baba vizuri."

Mkanyika aliipokea kama sifa. Akatabasamu, akafunga kanga yake vizuri, akaenda kuwagawia watu uji. Alipogeuka tena, Maghanga hakuwapo, na mkuki uliokuwa umeegemezwa ukutani haukuwapo.

Walioshuka walikuwa watatu pamoja naye. Walirudi wawili. Walisema walitawanyika katika shamba la miwa la watu wa Mrindi, kukawa na vurugu, miwa mirefu, wasione kitu. Siku ya saba Mwandoe, mkuu wa wazee wa Kaleghwa, alifika na watu wake wakiwa wamebeba jiwe. Mwandoe mwenyewe alikuwa amewapoteza wana wawili, naye alimheshimu Mkanyika kuliko mtu yeyote mlimani. Wakaliweka jiwe mwishoni mwa safu, wakamngoja aseme.

"Alikufaje?" Mkanyika aliwauliza.

Watu wakatazamana. Mwandoe akamgusa bega kwa huruma. "Sema lolote, mama Maghanga. Hakuna anayekushinda kusema."

Mkanyika alifungua kinywa. Hakikutoka kitu. Alisimama hivyo mpaka watu wakaona haya, kisha akaketi chini. Wakadhani ni uchungu, wakamwacha.

Kesho yake alirudi peke yake kwenye mawe. Alipita safu nzima akiligusa kila moja, akijiuliza ni lipi kati ya yale aliyoyasema kwa miaka ishirini aliliona kwa macho yake. Hakulipata hata moja. Akaona tena jambo ambalo lilikuwa wazi siku zote. Mawe ya vita yalikuwa arobaini na moja. Mawe yaliyowekwa baada ya vita yalikuwa arobaini na sita, na jiwe la Maghanga lilikuwa mojawapo.

Kifo kimoja tu ndicho alichokiona katika vita vile, na hakikuwa cha mtu wa Kaleghwa. Mchana mmoja, Maghanga akiwa mgongoni, alimkuta kijana wa Mrindi amejikokota mpaka nyuma ya nyumba yake akiwa na mshale tumboni. Kijana hakuomba maji. Aliomba ageuzwe, auelekee mlima wa kwao. Mkanyika alimgeuza. Kijana akautazama mlima, akataja jina lake, Mwang'ombe, kana kwamba ameulizwa, akafa. Mkanyika alimzika katika shimo lililochimbwa kwa ajili ya viazi, wala hakumwambia mtu, kwa kuogopa kuitwa msaliti.

Mwezi ulipopita, ikafika Siku ya Mawe ya Mrindi. Asubuhi ile Mkanyika alikata majani mabichi, akayashika kwa mikono miwili kama ashikavyo mtu asiyekuja kwa vita, akashuka bonde na kuuvuka mfereji. Tangu vita hakuna mtu wa Kaleghwa aliyeuvuka bila silaha. Wanawake wa Mrindi waliokuwa wakipanda njia na vibuyu vyao wakamwona.

"Unakwenda wapi, mama?" mmoja alimuuliza. "Hujui leo ni siku gani?"

"Naijua. Nakwenda kuuliza alipo mwanangu."

Wakanong'onezana. Yule wa kwanza akamshika mkono. "Basi pita katikati yetu. Peke yako hufiki."

Wakamtia katikati wakapanda naye. Huko juu alikuta mawe kama ya kwao, watu kama wa kwao, na mzee mmoja mwenye jicho moja amesimama akitaja majina. Mzee yule aliitwa Mwashigadi. Naye alijua kusema. Mkanyika alisimama nyuma akamsikiliza, akayatambua maneno kama mfinyanzi atambuavyo chungu cha mfinyanzi mwenzake. Huyu alifungwa mikono. Yule alipewa mchanga. Kisha Mwashigadi akafika kwa mdogo wake mwenyewe, sauti yake ikashuka.

"Mwang'ombe," alisema, "ndugu yangu wa ziwa moja, aliyetwangwa kwa michi na wanawake wa Kaleghwa kama mtama."

Watu wakaguna. Vijana wakashika mikuki.

"Hakutwangwa," Mkanyika akasema.

Hakupaza sauti, lakini kama tulivyosema, sauti yake ilifika mbali. Watu wakageuka. Mikuki nayo ikageuka. Wale wanawake waliokuja naye hawakumwondokea, na hilo ndilo lililomwokoa katika pumzi zile chache. Mwashigadi akainua mkono.

"Wewe ni nani?"

"Mimi ni Mkanyika wa Kaleghwa, mjane wa Mwakio, mama wa Maghanga. Mdogo wako alikufia nyuma ya nyumba yangu. Alikuwa na mshale tumboni. Hakuna aliyemgusa tena. Aliomba ageuzwe autazame mlima huu, nikamgeuza, akataja jina lake akafa. Nimemzika mimi."

"Unasema uongo ili upone," kijana mmoja akapiga kelele.

"Alikuwa na kovu hapa," Mkanyika alisema, akagusa chini ya kidevu chake. "La zamani. La utotoni."

Mwashigadi akakaa chini juu ya jiwe la mtu, jambo ambalo halikuwa likifanyika. "Alianguka juu ya jiwe la kusagia," alisema. "Nilimsukuma mimi. Tulikuwa tukigombea kiazi."

Hakuna aliyejua la kufanya. Majina yalikuwa bado hayajaisha na mtaja majina amekaa. Kisha Mwashigadi akamuuliza Mkanyika anataka nini, naye akawaeleza, kwamba mwanawe alishuka mwezi uliopita akaingia katika miwa yao na hakurudi, na yeye anataka kujua alikufaje. Kijana mmoja aliyefungwa mkono kwa kitambaa akasogea mbele. Hakumtazama usoni.

"Alikuwa mrefu," alisema, "ana nta ya nyuki kwenye kucha."

"Huyo ndiye."

"Tulikutana katika miwa, uso kwa uso. Tukachomana. Mimi nikapona."

"Alisema neno?"

"Alisema, mwambie mama mizinga ya juu imejaa." Kisha akaongeza haraka, "Ningekuambia, mama. Sikuwa na njia ya kufika kwenu. Tumemzika kwenye ukingo wa shamba. Mimi naitwa..."

"Usiniambie jina lako," Mkanyika akamkatiza. "Nikilijua nitalitaja. Najijua."

Akalia pale, mbele ya watu wa Mrindi, kilio ambacho hakuwahi kulia kwenye mawe ya kwao. Alipotulia, Mwashigadi alimwambia kwamba jina la Mwakio analifahamu pia, akitaka atamweleza, lakini habari yenyewe si nzuri. Mkanyika akasema aeleze.

"Hakuchomwa na mtu. Alivunjika mguu akikimbia gizani, akalala siku tatu katika bustani ya mama yangu. Mama alimpa maji. Sisi wengine tulipita. Hatukumuua, wala hatukumwokoa."

Mkanyika alirudi kwao kabla jua halijatua. Kesho yake alipanda kwenye mgunga wa juu akaikuta mizinga imejaa kama alivyoambiwa. Kisha akaenda kwa Mwandoe na kumweleza yote, kwamba alichokuwa akisema kwa miaka ishirini hakukijua, na kwamba wanaovijua vifo vya watu wa Kaleghwa ni watu wa Mrindi. Akaomba Siku ya Mawe ijayo Mwashigadi aje kuwataja wafu wa Kaleghwa, na yeye aende Mrindi kuwataja wa kwao.

Mwandoe alimsikiliza mpaka mwisho. "Wanangu wawili wako kwenye safu ile," alisema. "Waliuawa, na sasa waliowaua wawe ndio wenye kuwataja? Walichukua roho zao. Unataka wachukue na majina?"

"Roho zao zimekwenda, baba. Lakini maneno ya mwisho waliyoyasema yako kule. Huku hatuna."

"Sitaki kuyasikia kwa kinywa cha adui."

"Mimi nimeyasikia ya wangu."

Hawakupatana. Miezi ikapita, mtama ukavunwa, siku ikafika. Watu walikusanyika begani mwa mlima kama kila mwaka, na vijana walikuja na mikuki kama kila mwaka. Mkanyika alisimama mahali pake, lakini hakutaja jina.

"Niliwaambia mume wangu alichomwa mgongoni akinywa maji," alisema. "Nilitunga. Niliwaambia mwana wa Mwamburi alipewa mchanga. Nilitunga. Yote nilitunga, na mwanangu aliyaamini, akashuka kwa ajili ya maneno hayo."

Pakazuka makelele. Mwandoe akasimama. "Umetudanganya miaka ishirini, mama Maghanga?"

"Ndiyo, baba. Mliniomba, nikawapa."

Wakati wakiwa katika makelele hayo, Mwashigadi, aliyekuwa amealikwa na Mkanyika, alitokea njiani, polepole, kwa kuwa mlima ulikuwa mkali na umri umekwenda. Alikuwa ameshika majani mabichi. Vijana wakamzingira. Mkanyika akapita katikati yao akamshika mkono, kama alivyoshikwa yeye, akamleta mpaka kwenye mawe. Mzee hakutoa salamu wala hotuba. Alianza tu.

Alimtaja Mwakio na mguu wake, na wale waliopita. Alimtaja mwingine aliyekufia mlangoni kwa mjane mmoja, na mjane yule alimfunika kwa ngozi yake ya kulalia na hakuichukua tena. Alimtaja mwingine aliyewatukana mpaka pumzi ya mwisho, na jinsi watu wa Mrindi walivyoyakumbuka matusi yale na kuyacheka hata leo. Hapo mtu mmoja katika Kaleghwa naye akacheka bila kutaka, kisha akajifunika uso. Mwashigadi hakumtaja muuaji hata mmoja. Alipofika kwa wana wa Mwandoe, Mwandoe akamgeuzia mgongo. Mwashigadi akawataja hata hivyo.

Kisha mama mmoja mzee akauliza kutoka mbele, kwa sauti ndogo, "Na wangu, wa Mwamburi? Alisema neno?"

Mwashigadi akafikiri. Mkanyika alimwona akifikiri, akajua anachokifikiri, maana yeye mwenyewe angeweza kumtungia mama yule neno zuri pale pale.

"Huyo hatukumwona, mama," Mwashigadi alisema.

Mama akaitikia kwa kichwa. Alishukuru.

Siku ile hakuna aliyeshuka bondeni. Mwaka uliofuata walishuka vijana wawili, wakarudi bila damu na bila maelezo. Mwaka wa tatu hakushuka mtu. Mkanyika alikwenda Mrindi kila Siku ya Mawe mpaka miguu ikakataa, na hakulijua kamwe jina la yule kijana mwenye kitambaa, ingawa nadhani alimjua kwa sura. Mwandoe hakukubali mpaka anakufa. Kila mwaka alikuja, akakaa, akageuza mgongo, akasikiliza hivyo hivyo.

Na tangu mwaka ule hadi huu wetu, Kaleghwa hawawataji wafu wao. Huwataja wa Mrindi, na Mrindi huwataja wa Kaleghwa. Anayetaka kugeuza mgongo hugeuza, wala hakuna anayemkemea. Ambaye kifo chake hakikuonwa, husemwa, "Huyu hatukumwona," na msemaji huenda kwa anayefuata. Jina la muuaji halitajwi. Ndiyo maana watoto wa mlima huu hufundishwa mapema majina ya watu wasio ndugu zao, majina magumu ya ukoo wa watu wengine, na siku ikifika wengi huyakosea. Mtu akikosea, upande wenye mfu haukasiriki. Husema tu, "Rudia." Naye hurudia, mara tatu, mara nne, mpaka jina likae sawa mdomoni mwake.